Mti Uliolalia Jiko Langu Engaresero



Wengi mmeniuliza maisha yanakwendaje tangu nimfuate mume wangu Engaresero, na najua mnangoja habari za Oldoinyo Lengai, za heroe wa Ziwa Natron na za maporomoko ya maji. Hayo yatakuja siku nyengine, inshaallah. Leo nataka kuzungumza habari ya mti, na hasa nataka wanisikilize mabibi harusi wanaojiandaa kuingia nyumba zao.

Nyuma ya nyumba tunayokaa pana mgunga mkubwa, aina ile ambayo Wamaasai wanaiita oltepesi. Huku kuna joto kavu na vumbi, na kivuli ni mali. Chini ya mgunga ule nachagua mchele, naanika nguo, na mbuzi wa jirani huja kuokota maganda yake yanapodondoka. Basi asubuhi moja, baada ya usiku wa upepo mkali, nikatoka na kanga ya kuswalia bado kichwani, nikakuta tawi lililo juu kabisa ya jiko langu limepasuka pale linapoungana na shina. Halikuanguka. Lilikuwa linaning'inia.

Mume wangu ni mwalimu wa skuli, mtu mpole, lakini kazi za mikono anaziona zote ni za saa moja. Akasema, "Jumamosi naazima chenso, naazima na ngazi. Mti wote nautoa, na ule mkavu wa njiani nauangusha hapo hapo. Adhuhuri nimemaliza."

Nikamwambia, "Bwana, ngazi na chenso haviingii nyumbani kwangu pamoja."

Alidhani natania.

Sikuwa natania. Dada yangu mkubwa, kule kwetu Pemba, alikaa eda akiwa na miaka ishirini na sita. Shemeji yangu alipanda ngazi kukata tawi la mwembe lililokuwa likisugua bati. Alikata kutoka juu, tawi likakatika nusu, likaning'inia kwa gome, likazunguka na kuipiga ngazi. Hakufika hospitali. Miezi minne na siku kumi nilikuwa nampelekea dada chakula chumbani, na kila nikiingia nilikuwa naiona kanzu ya Iddi ya marehemu kwenye kabati, bado imekunjwa kwa mikunjo ya dukani. Wakata magogo wa Marekani wanalo jina la tawi bovu lililokwama juu ya mti: wanaliita mfanya wajane. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza sikuhitaji kuelezwa maana yake.

Mume wangu akaniambia ajali ni kadari. Ni kweli, nami naamini. Lakini sote tulisomeshwa chuoni ile hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kamba na amtegemee Mungu, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Nikamwuliza, "Kamba yako wewe ni ipi?" Hakunijibu. Tukakaa siku mbili tunasalimiana tu.

Siku ya tatu akaja koko, bibi wa Kimaasai anayekaa ng'ambo ya zizi. Namsalimu takwenya, ananijibu iko, kisha mazungumzo yanaendelea kwa Kiswahili chake kidogo na Kimaasai changu kidogo zaidi. Alilitazama tawi muda mrefu, akanishika mkono, akanitoa nje ya jiko langu mwenyewe. Maskini mimi, siku tatu nilikuwa napika chini yake! Niligombana na mume juu ya ngazi, na kichwa changu nimekiweka chini ya tawi.

Huku kazi ya kutafuta kuni ni ya wanawake, kwa hiyo koko anayajua mambo haya kuliko mwalimu wa skuli. Wao hukata matawi, mti wanauacha uendelee kuishi. Kabla ya kuinua panga wanatazama juu, na hawaendi mmoja mmoja. Hapa kijijini kwetu kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya mia nne kwenye majivu yaliyoganda, na wanasayansi waliochapisha utafiti wao mwaka 2020 walikadiria kwamba kundi moja lilikuwa la watu 17, na 14 kati yao ni wanawake, wote wakienda upande mmoja. Kila nikiwaona kina koko wanatoka na mapanga yao alfajiri nazikumbuka nyayo zile.

Tulianza na ofisi ya kijiji, maana mti haukatwi ovyo tu kwa sababu uko uani kwako. Huku unaomba ruhusa, na visiwani kwetu pia unaomba. Kisha tukampata fundi kutoka Mto wa Mbu. Bei yake ilimfanya mume wangu akohoe. Ilikuwa karibu sawa na mbuzi wawili. Nikatoa kwenye akiba yangu.

Sasa sikilizeni vifaa, maana ndivyo vilivyonifumbua macho. Fundi alifika na kofia ngumu yenye wavu wa kuziba uso na vikinga masikio, glavu za ngozi, mabuti yenye chuma mbele, kamba nene na mkanda wa kupandia. Suruali yake nilidhani ni nzito kwa ajili ya miiba tu. Kumbe ndani ina nyuzi ndefu. Mnyororo wa chenso ukiigusa, nyuzi zinachomoka na kujisokota kwenye mashine mpaka inasimama. Jinzi haifanyi hivyo. Jinzi inachanika, na paja chini yake. Akatuambia pia kwamba ncha ya chenso ikigusa kitu inaweza kuruka nyuma usoni kwa mkataji kabla hajapepesa jicho, ndiyo maana haishikwi kwa mkono mmoja wala haiinuliwi juu ya mabega. Mume wangu alikuwa anasikiliza na mikono nyuma, kama mwanafunzi.

Walianza mara baada ya alfajiri, kabla ya jua kali na kabla upepo haujaamka. Fundi aligonga shina la mgunga wetu kwa kisogo cha shoka, huku na huku, juu na chini, akisikiliza. Lilitoa sauti nzito ya mti mzima. "Huu hauna kosa," akasema. "Mgonjwa ni tawi tu." Kwa hiyo mti ambao mume wangu alitaka kuung'oa wote mpaka leo upo.

Alipanda kwa kamba, akalifunga tawi, akalitoa vipande vipande kuanzia nchani. Kila kipande kinene alikikata kwanza kutoka chini, kama theluthi ya unene wake, ndipo akakata kutoka juu, mbele kidogo ya pale alipokata mwanzo. Kwa njia hiyo gome halichaniki na tawi halizunguki. Nilipoona mkato ule wa chini nikaingia ndani nikalia. Lau shemeji angeujua huo tu! Halafu nikajikumbusha kwamba "lau" hiyo haina mwisho, nikanawa uso.

Mti mkavu wa njiani ulikuwa jambo jingine. Ulipogongwa ulilia kama ngoma. Mchwa walishamaliza tumbo. Fundi alikataa kabisa kuupanda. Alifyeka kwanza njia mbili za kukimbilia, za nyuma kwa mshazari, akafunga kamba juu kwa kurusha, akaweka vijana wa kuivuta mbali kuliko urefu wa mti. Akachonga mdomo upande wa kuangukia, kama robo ya unene, kisha akakata nyuma, juu kidogo ya mdomo, bila kufika mwisho. Kile kipande cha katikati kinachobaki ndicho bawaba, kinauongoza mti kama mlango. Ulipoanza kulia alizima mashine akaondoka kwa njia aliyoifyeka. Hakusimama kuangalia.

Watu wengine wote alitusogeza mbali mara mbili ya urefu wa mti, na hapa nawasema nyinyi shoga zangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekosea. Nilikuwa nakwenda na birika la chai! Mashine inanguruma, kofia imemziba masikio, yeye hanisikii wala hanioni, na mimi nimevaa baibui linaloburura kwenye miiba. Alipogeuka alinifokea mpaka nikatetemeka. Alikuwa na haki. Chai ingoje mashine izimwe na yeye mwenyewe awaite. Watoto wapelekwe kwa jirani kabisa, si kuambiwa tu wakae ndani. Na gari au pikipiki ya kumkimbiza mtu hospitali ijulikane iko wapi kabla kazi haijaanza, hasa kwa tunaokaa mbali kama huku, ambako hospitali kubwa ni safari ya saa kadhaa.

Bibi harusi, sandukuni mwako watakutilia kanga, udi, manukato na viatu vya kila rangi. Mume akikuambia atakata mti mwenyewe, omba na kofia.

Saa nne asubuhi kazi ilikwisha. Kina koko wakaja wakabeba miiba yote kwa ajili ya boma, wakaniachia kuni. Jioni nilimpigia dada kwa video, nikamwonyesha mgunga na kovu lake jeupe pale tawi lilipokuwa. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Alivaa kofia?" akauliza.

"Alivaa."

"Na ngazi?"

"Hapakuwa na ngazi, dada."

Akasema alhamdulillah, akaniaga, akaenda kuwalaza watoto.