Meno ya Tembo wa Uzi

Uzi wa sweta wa kijivu, kroshia moja, sufi ya kujazia tumbo, basi. Shangazi anasema ukiwa na hivyo umeshapata tembo. Msomaji, usimwamini haraka. Nimemaliza kidato cha nne, nimekesha na vitabu vya hesabu kwa mwanga wa kibatari, lakini hakuna hesabu iliyonitoa jasho kama hii ya vitanzi 6 kuzaa 12, 12 kuzaa 18, na 18 kuzaa 24.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaanza na pete ndogo ya uzi, inayotosha ncha ya kidole. Ndani yake unafuma vitanzi 6, kisha unaikaza pete mpaka tundu la katikati linafumba. Duru ya pili kila kitanzi kinapata wenzake wawili, unakuwa na 12. Duru ya tatu unaongeza kimoja kwa kuruka kimoja, unapata 18. Ukitaka duara liendelee kutanuka, unaongeza 6 kila duru. Ukitaka lisimame lijikunje kama bakuli, unaacha kuongeza. Ukitaka lifunge, unapunguza 6 kila duru, lakini kabla mdomo haujafunga kabisa unashindilia sufi. (Nasema sufi, pamba ya mti wa msufi ile ya kwenye mito, si sufu ya kondoo.) Hakuna mahali duru inapojifunga ukaona mwisho wake, unazunguka tu kama gamba la konokono. Ndiyo maana Shangazi alinifungia kauzi kekundu kwenye kitanzi cha kwanza cha kila duru, nijue nimerudi nyumbani.

Kichwa ni mpira. Tumbo ni mpira mkubwa zaidi. Mguu ni duara lililokataa kutanuka. Mkonga ni bomba jembamba, na masikio ni duara mbili zisizojazwa kitu. Wajapani, ambao wameupa umaarufu ufumaji huu wa midoli dunia nzima, wanauita amigurumi. Shangazi anauita "hicho kitu chako". Yeye ni mtu wa vitambaa vya makochi, maua na nyota, miaka 30 sasa.

"Baba," ananiambia, "uzi hauvutwi kama kamba ya ng'ombe. Uachie, utakuja wenyewe."

Kroshia yangu ni spoki ya baiskeli. Fundi mmoja wa Ng'ambo aliikata, akaikunja ncha, akaisugua kwa msasa mpaka ikawa haikwaruzi. Ni nyembamba kuliko uzi wa sweta unavyotaka, na ni makusudi, kwa sababu vitanzi vikiwa vipana sufi inachungulia nje na mnyama anaonekana kama ana ugonjwa wa ngozi. Fundi hakuniuliza ya nini.

Kijiweni ndiko nilikoulizwa. "Mshikaji, unafuma? Subiri basi tukuletee na kitenge!" Wakacheka mpaka mwenye kahawa akamwaga kikombe. Nikawaacha wacheke, halafu nikawamwagia historia, maana hapo ndipo ninapowaweza. Nikawauliza: mafundi cherehani wa barazani pale sokoni, wengi wao ni wanawake? Nikawaambia habari za Burton na Speke kufika hapa Novemba 1857, mji ukiitwa Kaze, na Burton kuandika juu ya Wanyamwezi waliofuma nguo za pamba kwa mitambo yao ya mkono. Huko Ufipa nako wafumaji walikuwa wanaume. Nguo za viwandani zilizopanda na misafara ndizo zilizousukuma ufumaji huo pembeni. Wakanyamaza kidogo. Mmoja wao akaomba ashike kroshia. Ameshatoa mnyororo wa vitanzi 40 na hajui aufanyie nini.

Sababu ya tembo huyu ni mpwa wangu. Ana miaka 5. Mama yake, dada yangu, yuko Maskati mwaka wa pili sasa, anafanya kazi za ndani. Hela inakuja. Ada ya chekechea inalipwa, chumba cha uani kimeezekwa bati. Lakini miezi michache iliyopita mtoto akaanza kuikimbia simu. Ikiita Ijumaa jioni anajificha nyuma ya pipa la maji. Ukimkamata ukamshikisha, anamtazama mama yake kwenye kioo kama anavyomtazama msomaji wa taarifa ya habari. Dada halii. Anasema mtandao mbaya, anakata.

Siku moja akaniandikia kwamba nyumba anayofanyia kazi ina mtoto mwenye tembo wa kitambaa, halali bila huyo tembo, na kila usiku yeye ndiye anayeingia chini ya kitanda kumtafuta. Akauliza: hivi Tabora midoli ya tembo inauzwa? Hakuandika zaidi ya hapo.

Niliyoikuta sokoni ni midoli ya plastiki yenye nywele za njano. Tembo hakuna. Nikamwendea Shangazi.

Mwili ulinichukua wiki mbili, usiku usiku, riwaya yangu ikiwa imelala kwenye begi na sura zake nne. Macho nilitaka yawe shanga nyekundu, nikifikiria sami-sami walizopanda nazo wafanyabiashara wa zamani. Shangazi akakataa katakata: humu ndani kuna mtoto mwingine anayetambaa, na kila kitu anakipima kwa mdomo. Macho yakashonwa kwa uzi mweusi. Yakabaki meno. Mpwa wangu, aliyekuwa akiizungukazunguka kazi kama paka, akauliza:

"Mjomba, meno yake yako wapi?"

Swali hilo ungeulizwa Moshi au Tanga, ungelijibu kwa uzi mweupe ukaenda kulala. Mimi nimeulizwa Tabora.

Mji huu umekulia juu ya meno ya tembo. Msafara ukitoka Bagamoyo ulitembea karibu miezi mitatu mpaka hapa, ukapumzika, kisha njia zikaachana: wengine Ujiji na ng'ambo ya ziwa mpaka Manyema, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Misafara ilipanda na merikani, kaniki, shanga na bunduki. Ikashuka na meno, na ikashuka na watu. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akalipwa nguo, na wenye mabega ya kweli waliringia kubeba jino. Huyo ndiye mtu wa riwaya yangu. Lakini njia hiyo hiyo walipita waliofungwa minyororo shingoni, ambao hakuna aliyepatana nao mshahara. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, ametuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Ukizisoma unakutana na frasila za pembe mpaka unachoka kuhesabu. Mimi huzisoma kwa wivu, maana jamaa anajua kusimulia, na huzisoma kwa hasira.

Na meno yenyewe yalikwenda wapi? Unguja kwanza, halafu Bombay, London, na Connecticut kule Marekani, ambako viwanda vya miji midogo ya Deep River na Ivoryton viliyakata yakawa vibao vya piano. Merikani ilitoka jimbo la jirani, Massachusetts. Pamba ikaja, jino likaenda, na katikati pakawa na bega la mtu wa Unyamwezi. Hilo nililijua zamani, lakini sikuwahi kulifikiria nikiwa nimeshika tembo mkononi, kibogoyo, anasubiri uamuzi wangu.

Halafu tusijidanganye kwamba mambo hayo yaliisha na misafara. Hesabu ya mwaka 2009 ilipata tembo kama 109,000 Tanzania nzima. Ya mwaka 2014 ikapata kama 43,000. Miaka mitano tu, jamani, na hapo reli ipo na sheria ipo. Gorongosa kule Msumbiji, baada ya vita vya 1977 hadi 1992, karibu nusu ya majike waliopona hawakuwa na meno kabisa, kwa kuwa wenye meno ndio waliopigwa risasi. Na mabinti zao wengi wakazaliwa hivyo hivyo. Wanasayansi waliichapisha sababu yake, iliyomo katika urithi wa damu, mwaka 2021.

Basi nikaona nimepata jibu. Nikamwambia mpwa wangu: huyu ni tembo jike asiye na meno. Ndiye aliyepona.

Akamtazama tembo. Akanitazama mimi. "Kwa hiyo ni bibi?"

Shangazi hakucheka. Aliweka chini kitambaa chake. "Wamemng'oa huko porini," akasema, "na wewe unamng'oa humu ndani?"

Akainuka akafungua sanduku, akatoa kipande cha merikani kilichobaki aliposhona foronya. Si ile ya Massachusetts, ni ya juzi tu, lakini kwake jina ni hilo hilo. Akaanza kukichomoa nyuzi, moja moja, tukazisokota nne nne mpaka tukapata uzi mweupe wa kutosha. Jino huanza na vitanzi 4 badala ya 6, unaongeza kimoja tu kila duru ya pili, ndipo linatoka jembamba na refu. Mkono mmoja ukikaza zaidi kuliko mwingine linapinda lenyewe, na hapo pindo ndilo linalotakiwa. Niliyafuma yote mawili usiku mmoja. Nikayashona mizunguko mitatu, uzi nikiupitisha ndani ya kichwa kutoka jino hadi jino, kisha nikampa mpwa wangu ajaribu. Alivuta kwa mikono miwili, mguu ameukanyagia tumbo la tembo. Hayakutoka.

Ijumaa simu ilipoita hakukimbilia nyuma ya pipa. Sikumwambia kitu. Alimsogeza tembo kwenye simu mpaka dada nadhani akawa haoni kingine isipokuwa ukijivu.

"Mama, vuta meno uone."

Kule Maskati dada akanyoosha mkono. Niliona vidole vyake vikijaa kioo kizima, vikubwa, vimechubuka kwa sabuni. Akafanya kama anavuta.

"Hayatoki," akasema.

"Hayatoki," mtoto akajibu.

Wakaongea. Sikusikiliza yote, nilikwenda nje. Dakika 20 mtandao haukuwa mbaya.

Sasa umebaki mkia. Mkia hauna duru wala hesabu ya kuongeza. Ni mnyororo mtupu, kitanzi ndani ya kitanzi, na Shangazi amesema 12 vinatosha. Mpwa wangu ameuomba aufume yeye. Hatumii kroshia, anachomoa vitanzi kwa kidole cha shahada na kuhesabu kwa sauti, na akifika 29 anaruka kwenda 40. Mkia umeshampita tembo kwa urefu, umeshuka kitini, uko sakafuni unaelekea mlangoni. Jana uzi wa kijivu ulimwishia. Ameunga mwekundu.