Moshi wa Kitonga

Injini ya petroli iliyozeeka haiwezi kuficha ugonjwa wake mlimani. Ipandishe Kitonga ikiwa na mzigo, kisha ishushe, na mtu mmoja akae nyuma aangalie bomba la ekzosi. Mkifika chini mtajua kama pesa iende kwenye ringi, iende kwenye valvu, au ibaki mfukoni mwa mwenye gari. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapovuka mto Ruaha Mdogo. Karibu kila gari bovu lililoletwa kwangu kutoka upande wa Morogoro lilikuwa limepimwa kwanza na mlima huo, ulio kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula.

Mzee aliyenifundisha naye alifundishwa na fundi Singasinga aliyekuwa na gereji mjini Iringa enzi za mkoloni. Kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa ya spana. Alinikalisha kwenye bodi ya pikapu ya mteja, nimegeukia tulikotoka, akaniambia, “Kijana, wewe tazama moshi tu. Mengine niachie mimi.” Tukapanda Kitonga, tukageuza, tukashuka. Kila baada ya kona mbili tatu alitoa kichwa dirishani akaniuliza rangi.

Nilichojifunza kwenye bodi ile ndicho kimenilisha mpaka leo. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kupanda, injini ikivuta mzigo, unaonyesha ringi zilizokwisha au silinda zilizolika, kwa sababu oili inapenya kando ya pistoni na kuungua. Lakini kuna gari linalopanda mlima wote bila moshi. Wakati wa kushuka dereva anaachia mafuta na kuacha gia ishike gari. Akifika chini akikanyaga tena, wingu la bluu linatoka mara moja, kisha linapotea. Hiyo ni valvu. Kabureta ikiwa imefungwa na magurudumu yakiizungusha injini kwa nguvu, injini inanyonya bila kupata hewa ya kutosha, kwa hiyo inavuta oili kupitia raba za valvu zilizokakamaa. Tofauti ya magonjwa haya mawili kwa mteja ni kubwa mno. Ringi ni kushusha injini. Raba za valvu, fundi anayejua kazi anazibadilisha hata bila kuvua silinda hedi. Na niseme mapema kwamba kipimo hiki cha kushuka ni cha petroli. Dizeli nyingi za zamani hazina mlango wa kufunga hewa, hivyo hazinyonyi kwa namna hiyo.

Mzee hakuwa mwangalifu kwa tabia tu. Nilianza kazi miaka michache baada ya vita vya Kagera, wakati spea zilikuwa adimu kuliko sukari. Ukifungua injini ya Peugeot 504 ukachana gasketi ya silinda hedi, gari lingeweza kukaa juu ya matofali miezi mingi likisubiri gasketi nyingine kutoka Nairobi au Lusaka. Hapakuwa na nafasi ya kufungua ili kuona. Ilibidi ujue kwanza. Kwa hiyo kabla ya spana yoyote alitazama vitu vitatu, na kwa mpangilio uleule: oili kwenye dipstiki, rangi ya plagi, na mdomo wa ekzosi. Aliviita mashahidi. Shahidi mmoja hakumtosha kamwe, alitaka wakubaliane.

Nikisema dipstiki, wengi wanafikiri ni kuona kama oili imepungua tu. Mzee aliinusa. Aliisugua kati ya vidole. Aliidondosha kwenye karatasi akaisubiri isambae. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na hapo unaanza kushuku gasketi, hasa kama radieta inapungua na kutoa mapovu injini ikiunguruma. Lakini utando mwepesi wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa kujazia oili, kwa gari linalotembea safari fupi tu kwenye baridi ya Juni na Julai ya Iringa, ni mvuke ulioganda. Injini haijapata joto la kuukausha. Nimeona silinda hedi nzima zikivuliwa kwa sababu ya utando huo, na inaniuma kila ninapokumbuka.

Hali inayowachanganya wengi ni oili inayoongezeka. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, aliniletea 504 ya pikapu ambayo gereji nyingine ilikuwa imeihukumu kufanyiwa ovaholi. Ilitoa moshi, ilikula petroli, na chini ya injini kulikuwa na mlio mwepesi wa chuma.

“Kamwene, mwanangu,” alinisalimu. “Wameniambia injini imekufa. Nimekuja kwako uniambie kama nikaizike.”

“Kamwene, mama. Tuitazame kwanza.”

Nikavuta dipstiki: oili ilikuwa imepita alama ya juu. Nikamwuliza aliongeza lini. Akasema hajaongeza kabisa, na kwamba imekuwa ikipanda yenyewe, naye akaona ni dalili njema. Niliinusa, ilikuwa petroli tupu. Pampu ya petroli ya injini zile inasukumwa na kemshafti, imefungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake mna kiwambo cha raba. Kiwambo kikichanika, petroli inadondoka moja kwa moja kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi, presha yake inashuka, beringi zinaanza kulia, na mvuke wa petroli unarudi kuungua pamoja na oili kidogo. Dalili zote za kifo zilikuwa pale, na chanzo kilikuwa raba isiyozidi upana wa kiganja. Tulibadilisha kiwambo, tukamwaga oili, tukaweka mpya na filta mpya. Beringi zilikuwa bado hazijaharibika. Alikuja na pikapu ile kwa miaka mingi baadaye, akiuza mahindi ya shamba lake.

Moshi mweupe una hadithi zake. Watu wakiuona wanasema gasketi, na mara nyingi ni kweli. Asubuhi ya baridi ekzosi yoyote hutoa mvuke, kisha unaisha. Huo si ugonjwa. Moshi wa maji yanayoungua hauishi injini ikipata moto, na radieta inapungua. Kuna siku ililetwa Land Cruiser ya petroli ya misheni, inatoa moshi mweupe mzito mpaka jirani wakafunga madirisha. Radieta ilijaa. Oili ilikuwa safi. Mashahidi walikataa kukubaliana na gasketi. Nikauliza maswali mengi, mpaka dereva akataja kwamba anaongeza mafuta ya breki kila wiki na haoni yanakovujia, kwa kuwa matairi yote ni makavu. Hapo nikajua. Raba ya nyuma ya masta silinda ilikuwa imekufa, mafuta ya breki yanaingia kwenye haidrovaki, na mpira unaounganisha haidrovaki na mainifodi unayavuta yaende kuungua. Nikauvua mpira ule, nikaziba tundu la mainifodi, tukaiacha injini iungurume. Moshi ulipungua, ukaisha. Na gari hilo lilikuwa hatari zaidi kwa breki zake kuliko kwa injini. Nilimkataza dereva kuondoka nalo siku ile.

Mwinuko wa huku kwetu kutoka usawa wa bahari nao umepoteza pesa nyingi za watu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu. Hewa yetu ni nyepesi. Kabureta iliyotyuniwa Dar es Salaam ikifika hapa inatoa petroli ileile kwa hewa pungufu, na gari linaanza kutoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi makavu. Hapo kinachohitajika ni kurekebisha mchanganyiko, baada ya kuhakikisha eya klina ni safi na choki inafunguka yote. Vilevile vipimo. Kitabu kinasema geji ya mvuto ya injini nzima isome inchi 17 hadi 22 za zebaki. Kitabu hicho kimeandikiwa pwani. Kila mita 300 unazopanda, toa karibu inchi moja. Injini inayosoma 19 Dar itasoma kama 14 kwangu, na ni nzima kabisa. Komprisheni nayo hushuka, inayopata psi 160 pale bandarini isikushangaze ikipata 135 hapa. Ninachokitazama mimi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu.

Na silinda moja ikiwa chini, kijiko kimoja cha oili kinamaliza ubishi. Mwaga kijiko hicho kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zilizokuwa zikivujisha, kwa sababu oili imeziba kwa muda. Ikibaki palepale, tafuta kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, karibu siku zote gasketi imeungua katikati yao.

Mafuta yenyewe yalibadilika mikononi mwangu. Zamani petroli ilikuwa na risasi, na mdomo wa ekzosi wa gari lililotyuniwa vizuri ulikuwa na rangi ya kijivu. Kufikia mwanzo wa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli hiyo, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001. Nilifurahi, kwa maana sumu ile tulikuwa tukiivuta na kuishika kila siku. Ila ilibidi tujifunze kusoma upya. Mdomo wa ekzosi ukawa mweusi hata kwa gari zima, tukabaki kuamini plagi zaidi. Na injini za zamani zenye viti vya valvu vya chuma laini zikaanza kuchimbika, kwa kuwa risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda. Dalili yake ni tepeti zinazobana: unaweka nafasi kwa fila geji, baada ya muda mfupi imetoweka, na kabla tepeti haijapiga kelele yoyote valvu imeshaungua. Tepeti ya kelele bado ina uhai. Iliyonyamaza ghafla ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kisha ukaja uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na watu wakayachanganya bila huruma. Magari mazima yalianza kugonga, kuwaka kwa shida, kutoa moshi, na oili zao kuwa nyepesi. Pampu za dizeli zilikauka, maana mafuta ya taa hayalainishi ipasavyo. Nilikuwa nadondosha petroli ya mteja kwenye karatasi nyeupe: safi hukauka bila alama, iliyochanganywa huacha doa la mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, kazi hiyo ilipungua sana gerejini kwangu. Nawashukuru kwa dhati.

Kuhusu dizeli nitasema machache. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli asubuhi, unaoisha injini ikipata moto, ni hita plagi au komprisheni iliyochoka. Moshi mweusi, anza na eya klina, kisha nozeli. Legeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiunguruma taratibu: ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo yenye ugonjwa.

Ekzosi iliyoziba ndiyo inayosahaulika zaidi. Bati la ndani la sailensa huoza, likaanguka na kufunga njia. Nje sailensa inaonekana nzima. Gari linaanza vizuri, halafu halina nguvu, linachemka, na mwenye gari anauziwa pampu, kabureta, mpaka klachi. Geji ya mvuto inaufichua ugonjwa huo: shika mzunguko wa injini juu kidogo bila kuubadilisha, mshale ukishuka polepole, hewa haina pa kutokea. Legeza ekzosi kwenye mainifodi, ujaribu tena.

Vijana wangu sasa wana mashine ya kusoma kompyuta za magari, nami nimewanunulia iliyo nzuri. Lakini pikapu za 504, Land Rover na Land Cruiser za zamani bado zinabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni na nyanya kutoka Ilula, na hazina kompyuta ya kuulizwa. Hizo zinahitaji pua, macho na geji mbili.

Basi wewe mwenye gari la zamani: fundi akikuambia injini ifunguliwe, mwombe apime komprisheni ukiwa umesimama pale, kavu na kwa kijiko cha oili, na akuandikie namba za kila silinda. Ni kazi isiyofika hata saa moja. Akikataa, chukua gari lako uende kwa mwingine.