Goma: Uso wa baba uliopotea ndani ya simu, na mahali pa kuhifadhi picha bila kuziharibu

Katika studio moja ndogo ya picha huko Birere, mjini Goma, mama mmoja alisimama mbele ya mashine bila kusema neno. Alikuwa ameomba foto ya marehemu mume wake ikuzwe hadi ukubwa wa karatasi ya ofisi, iwekwe mezani siku ya kutosha matanga. Karatasi ilipotoka, kofia ilionekana, koti lilionekana, lakini mahali pa macho palikuwa na viraka vya rangi tu.

"Hii si baba yenu," alimwambia kijana aliyemsindikiza, mtoto wa mdogo wake. "Hii inaweza kuwa mutu yeyote."

Mwenye studio hakuwa na kosa. Mashine ilitoa kile ilichopewa.

Foto hiyo ilipigwa Sake, kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma, siku ya arusi ya jirani. Watu kumi na wawili wamesimama mbele ya kanisa, na mume wa mama yuko mstari wa nyuma. Kijana ndiye aliyeipiga kwa simu yake. Februari 2024, mapigano yalipoikaribia Sake, familia ilitembea kwa miguu hadi kambi ya Bulengo. Mbuzi walibaki, mlango ulibaki bila kufuli, albamu ya picha za karatasi ikabaki ndani ya sanduku. Simu ilifika kambini, lakini mvua iliyopenya kwenye hema iliiua. Mwaka uliofuata vita viliingia Goma kwenyewe, na Februari 2025 kambi zikavunjwa. Familia ilipata chumba cha kukodi Ndosho. Humo ndimo baba alimougua na kufariki. Picha pekee iliyosalia ilikuwa nakala katika kundi la WhatsApp la familia.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. WhatsApp hupunguza picha ili isafiri haraka na isile mega nyingi. Simu ya kawaida ya leo hupiga picha yenye nukta kama 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande wake mrefu hubaki na nukta zipatazo 1,600, na zote pamoja hazifiki milioni 2. Kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti. Lakini mtu akitaka kukata uso mmoja kati ya nyuso kumi na mbili na kuukuza, hakuna kitu cha kukuza. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la HD, ambalo ni afadhali, ila nalo hupunguza. Njia inayofikisha picha kama ilivyo ni kuituma kama dokumenti, si kama picha.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya wapiga picha wa kazi. Goma inajua kwamba sivyo. Julai 1994, watu wapatao milioni moja walipovuka mpaka kutoka Rwanda, watoto wengi walipotezana na wazazi. Walipigwa picha, na picha zikabandikwa kwenye mbao kambini ili wazazi wapite wakitazama uso baada ya uso. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao. Katika mji huu, kovu dogo juu ya jicho linaloonekana vizuri kwenye foto linaweza kumrudisha mtoto kwa mama yake.

Bahati ya mama huyu ilitoka Kampala. Dada ya kijana, anayeishi huko, alikumbuka kwamba wakati ule wa arusi aliomba picha hiyo kwa barua pepe. Alitafuta usiku mzima. Aliikuta, nzima kabisa.

Sasa ikabaki swali la mahali pa kuiweka isipotee tena. Kijana alianza kueleza habari za akaunti na gigabaiti. Mama alimsikiliza, kisha akauliza swali moja:

"Mutoto wangu, siku nitaiomba, watanirudishia ileile?"

Swali hilo linatosha kumwongoza yeyote anayechagua. Kijana hakujibu kwa maneno. Aliweka picha ya majaribio kwenye intaneti, akaishusha kwa simu ya rafiki, akafungua maelezo ya zote mbili na kulinganisha idadi ya nukta na uzito wa faili. Vikilingana, huduma imerudisha ileile. Uzito ukitoka megabaiti 3 ukawa nusu megabaiti, kuna kilichokatwa njiani, na kilichokatwa hakirudi.

Google Photos ilipita jaribio, lakini kwa sharti moja. Ina mipangilio miwili: mmoja hutunza picha katika ubora wake halisi, mwingine huibana ili kuokoa nafasi. Ni lazima kuchagua ule wa kwanza kabla ya kupakia, na kuhakikisha tena kila unapobadilisha simu. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, inayogawanywa na barua pepe za Gmail na faili za Drive. Kwa picha za megabaiti 3, ni kama picha 5,000. Kwa familia nyingi inatosha, mradi video ziachwe nje.

Flickr pia ilitazamwa. Huko asiyelipa huishia kwenye picha 1,000, sheria iliyotangazwa Novemba 2018, baada ya watu kuzoea nafasi kubwa zaidi. Kuongeza kunahitaji malipo ya mtandaoni, na tangu benki za Goma zifungwe Januari 2025, wengi hawana kadi ya kulipia. Hili ni la kukumbuka: cha bure leo kinaweza kubadilika kesho, hivyo picha isilale mahali pamoja tu.

Familia iliamua mambo matano. Picha ziwe kwenye Google Photos katika ubora halisi. Nakala ya pili iwe kwenye kadi ya kumbukumbu kwa dada Kampala. Akaunti ifunguliwe angalau kila baada ya miezi michache, kwa kuwa Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, na mtu aliyekimbia vita anaweza kukaa muda huo bila simu. Neno la siri linajulikana na watu wawili. Na picha zisiwekwe hadharani, kwa sababu uso na mahali vikionekana pamoja vinaweza kumwonyesha adui njia ya mlangoni.

Kupakia kulichukua siku tatu, usiku, mega zinapokuwa na nafuu na umeme ukiwepo.

Wiki iliyofuata mama alirudi Birere. Safari hii karatasi ilitoka na macho, na mvi za kidevuni, na shati ambalo kifungo chake cha juu hakikuwepo. Mama aliishika kwa mikono miwili.

"Kumbe hiki kifungo sikukishona," alisema.

Kisha akamwomba mwenye studio atoe nyingine, ya mdogo wa marehemu aliyebaki Masisi.