Paka Aliyetoka Bwawani

Marehemu dada yetu alikuwa akibanika samaki na kuuza katika kijiji kimoja kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Tulipomzika, binti yake wa miaka tisa alipanda nasi mpaka huku Ngujini, amekumbatia kapu lenye paka wa kijivu. Hatukuwa na moyo wa kumkataza. Nyumbani tulikuwa tayari na paka wawili, maana huku milimani ukihifadhi mahindi darini bila paka unawafugia panya.

Jioni ile tukalifungua kapu katikati ya jiko. Wenyeji wakatutumua manyoya, wakafoka, na kufumba na kufumbua mgeni amechanwa sikio, ametokomea migombani. Binti hakulia. Alikaa kizingitini mpaka makande yakapoa mbele yake. Usiku tulimshukuru Mungu kwa kutupa mtoto, tukalala. Sala ile inatutia aibu hadi leo, kwa kuwa hatukumuuliza yeye anataka tuombe nini.

Paka alirudi siku ya tatu, amekonda. Bibi mmoja jirani akatucheka. “Wanangu, paka hujuana kwa harufu. Ninyi mmemwingiza mgeni bila hodi.” Akatuelekeza tumfungie stoo, na maji yake na karai la majivu. Gunia alilolalia tuwapelekee wenyeji, na lao tumpe yeye. Wale chakula kila mmoja upande wake wa mlango. Mwanzoni wenyeji walilikwepa lile gunia kama lina moto, nasi tukawa tunasogeza sahani kidogo kidogo. Zilipita karibu wiki tatu ndipo tukaufungua mlango kwa upana wa kiganja, tukaufunga tena kabla hawajagombana.

Katika wiki hizo ndipo tulipoona tulichomfanyia mtoto. Usiku wa kwanza tulimlaza kitanda kimoja na binti zetu wawili, tukawaambia: huyu ni ndugu yenu, mpendane. Kanga ya mama yake, iliyonukia moshi wa samaki, tuliifua kesho yake kwa sabuni, tukidhani tunamsaidia. Harufu ile hatuwezi kuirudisha. Tulimwomba msamaha, sisi tunaosimama kanisani kuwasomea watu Neno. Aliinamisha kichwa tu, akaenda stoo kumpa paka dagaa. Tukamtafutia kitanda chake, tukaacha kuwahimiza wenzake.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi wapokeane. Tulikuwa tukilisoma jambo hilo kana kwamba ni kazi ya jioni moja.

Paka hawajawa marafiki. Chausiku, jike letu jeusi, bado humfokea mgeni akisogelea mafiga. Juzi mchuuzi alipandisha perege kutoka bwawani. Binti zetu hawajui kuwapaa vizuri, na tuliwasikia jikoni wakimwita mwenzao aje awaonyeshe. Akaenda, paka nyuma yake.