Ukichagua njia Kilimanjaro, unamchagulia na mpagazi

Msomaji wangu, kama hujawahi kutia mguu Vinyago pale Mwenge, siku moja jipe ruhusa uende. Ni karibu tu na Barabara ya Sam Nujoma, lakini utadhani umevuka mpaka. Mafundi wamekaa chini na tezo mkononi, vumbi la mpingo limejaa magotini, na mbele yao Wazungu wanabishana bei. Walioshuka Kilimanjaro utawajua tu: pua imebabuka, midomo imepasuka kwa baridi, na wanatembea kama wana miaka tisini.

Hapo nilikutana na jamaa mmoja muuza twiga wa mbao. Kabla ya kuja Dar alikuwa mpagazi mlimani. Mimi mtoto wa mjini, mlima wangu mkubwa ni kile kilima cha Chuo Kikuu, nacho nakipanda kwa daladala. Nikamwuliza, "Kaka, njia zote si zinafika kileleni? Tofauti yake nini?"

Akacheka. "Mdogo wangu, njia anachagua mteja. Mimi nina kilo 20 kichwani, nitachagua nini?"

Bwana we, neno hilo limenikaa.

Huko Ulaya kuna watu wanaoteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Wenye akili kati yao wana sheria zao: kabla ya kushuka unaangalia kama theluji imeshikamana, na unaangalia kuna nani chini yako. Ukiiporomosha theluji, anayefukiwa ni yule wa chini. Usidhani ni habari za mbali. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteleza kwa skii hukohuko Kilimanjaro. Lakini barafu ya enzi zile siyo ya leo. Kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza kiasi cha asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu.

Sasa barafu ikiondoka, kinachoporomoka ni mawe. Upande wa magharibi wa Kibo kuna njia inaitwa Western Breach. Ni fupi, ni kali, na inakutoa kambi ya Arrow Glacier hadi ndani ya kreta. Juu yake kuna mawe yaliyogandishwa na barafu. Usiku baridi huyashika. Jua likipiga, barafu inalegea na jiwe linashuka bila hodi. Ndiyo maana wanaopita huko huanza safari usiku, wavuke kabla jua halijafika, tena na helmeti kichwani.

Tarehe 4 Januari 2006 mawe yalishuka pale yakaua Wamarekani watatu. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Septemba 2015 jiwe likaua Mmarekani mwingine upande huohuo. Siyo mchezo.

Ukienda kwa Machame au Lemosho unaweza kuzunguka kwa Barranco, ulale kambi ya Barafu, kisha upandie Stella Point hadi Uhuru, mita 5,895. Kilele ni kilekile, na picha ni ileile. Wanaoipenda Western Breach wanasema ina watu wachache na mandhari ya pekee. Sawa, roho ni yako, fedha ni zako. Lakini hema lako, jiko lako na mchele wako havipandi vyenyewe. Mgeni anapita chini ya mawe yale mara moja maishani, akasimulie kwao. Mpagazi anaweza kupita tena mwezi ujao, kwa sababu watoto wanataka ada. Kukataa njia anaweza, ila kesho kazi atapewa mwingine.

Hata kwenye njia salama, ustaarabu unahitajika. Pale ukuta wa Barranco njia ni nyembamba. Mpagazi akija nyuma yako na mzigo, mpishe, nawe ukae upande wa ukuta, siyo upande wa bonde. Usichezee mawe kwa mguu, maana huko chini kuna watu wanapanda.

Na wewe Mbongo mwenzangu unayepanga kupanda, kabla hujalipa iulize kampuni maswali matatu. Tunapita njia gani, na kwa nini? Tutavuka saa ngapi sehemu za mawe? Wapagazi wamepewa nini cha kujikinga? Wakikujibu kwa kigugumizi, shika fedha zako, nenda kwa jirani yao. Kilimanjaro haina haraka, itakusubiri.