Wikiendi ya nani?

Wiki hizi nilikuwa nachapwa na kazi na mengine ambayo sio ya kusema hapa. Leo nimekaa, nina chai yangu ya rangi na umeme upo, basi ngoja niwasimulie kitu kinachonikera tangu mwaka 2025.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi na mbio za magari ni damu damu. Sio kwamba nina gari la mbio, mwandishi wa habari wa Bongo apate wapi? Binamu yangu ndiye mwenye Subaru, nzee lakini inakimbia, na mimi ndiye msoma ramani wake. Nakaa kushoto, nimevaa helmeti, nampigia kelele "kushoto kali, jiwe, usikate!" huku nikiomba Mungu. Tuko kwenye kaklabu ka watu wa kawaida: kuna daktari wa meno, kuna jamaa wa benki, kuna dada mmoja mwenye duka la vipuri ambaye anatupita wote. Hatulipwi na mtu. Tunachanga ada, tunaomba kibali polisi, tunakodi gari la wagonjwa, tunakwenda kwenye barabara za vumbi za mashamba ya mkonge upande wa Morogoro, tunakimbia, tunarudi Dar tukiwa wekundu kama matofali.

Mwisho wa 2024 klabu ikanipa kazi. "Wewe mwandishi, una kalamu, tupangie kalenda ya 2025." Nikacheka. Kupanga tarehe tatu kwa mwaka mzima, kuna ugumu gani?

Jamani.

Anza na mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, na ule udongo mweusi ukinywa maji hata trekta linaomba msaada. Vuli nayo inakula Novemba na Desemba. Januari usimwambie mtu habari ya ada ya mbio wakati ada ya shule inamsubiri. Halafu Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja hivi, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikusaidii. 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Pasaka ikaangukia 20 Aprili, katikati ya masika. Oktoba ikawa na uchaguzi mkuu tarehe 29, hapo hata kuuliza polisi ni kujitafutia maneno. Ukiondoa yote hayo unabaki na miezi michache, na ndani yake kila mtu anataka wikiendi iliyo karibu na mshahara.

Hapo nikaanza kuwaelewa wazee waliotutangulia. Ile Safari Rally ya kwanza kabisa, 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, watu wakikimbia na magari ya kawaida ya dukani, na ilipangwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ndiyo maana ikaitwa Coronation Safari. Baadaye ikahamia Pasaka na kukaa hapo miaka mingi. Wengi tunakumbuka kwamba Pasaka ilileta matope, na matope ndiyo yaliyoipa Safari jina. Lakini angalia kalenda kwa jicho la mtu mwenye ajira: Ijumaa Kuu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu ya Pasaka. Siku nne bila kumuomba bosi ruhusa! Siku hizi tarehe ya Naivasha inategemea kalenda ya ubingwa wa dunia, 2024 ikaangukia Pasaka tena, 28 hadi 31 Machi, na ndani ya Ramadhani juu yake. Ile ni ya wanaolipwa. Sisi tunatafuta siku ambayo daktari wa meno hana wagonjwa.

Huko Marekani kuna mbio za magari mabovu zinazoitwa 24 Hours of Lemons, zilianza 2006, gari lisizidi dola 500. Jina linasema saa 24, lakini mara nyingi wanakimbia mchana wa Jumamosi, usiku wanalala, Jumapili mchana wanamalizia. Nilipolijua hilo nilifurahi sana. Hata kwa Obama watu wana usingizi na Jumatatu wana kazi!

Basi nikatengeneza karatasi. Jina, kazi, siku usizoweza. Nikawazungukia madereva kumi na wanne na wasoma ramani wao kumi na wanne, watu ishirini na wanane, mmoja mmoja. Nilikuwa makini kuliko ninavyokuwa na habari za kazini, mhariri wangu asisome hapa. Nikapata Februari kabla ya mfungo. Nikafikiria Nane Nane, iliangukia Ijumaa, lakini Morogoro wakati huo ina maonyesho ya Kanda ya Mashariki, gesti zimejaa. Nikaona Saba Saba: Jumatatu! Jumamosi tarehe 5 ukaguzi wa magari na mbio fupi, Jumapili mbio ndefu, Jumatatu ya sikukuu kuvuta magari kurudi Dar taratibu. Maonyesho ya Saba Saba yako Dar, kwa hiyo Morogoro ni shwari. Kiangazi. Siku kumi tu baada ya mishahara. Kikaoni nilipigiwa makofi. Mimi mwenyewe Jumamosi ndiyo siku ya kufunga toleo la Jumapili, lakini mhariri aliniruhusu kwa sharti nirudi na habari na picha.

Nilirudi nazo. Picha bora ilikuwa ya fundi wetu. Yuko chini ya Subaru, miguu imetokeza, uso umegeukia kamera, ana tochi mdomoni na anacheka. Ilitoka gazetini Jumanne, nusu ukurasa.

Alhamisi binamu akanipigia. "Fundi amefukuzwa kazi."

Kumbe fundi yule, ambaye tumekuwa naye miaka minne, alikuwa ameajiriwa kwenye gereji ya mtu, analipwa kwa siku. Na gereji, wadau, haina wikiendi ndefu. Wewe ukipumzika Saba Saba ndipo unapopata nafasi ya kupeleka gari lako likabadilishwe oili. Sikukuu ya mwenye ofisi ndiyo siku ya hela ya fundi, na ndiyo siku ambayo tajiri wake hataki kusikia habari ya ruhusa. Februari alimwambia kuna msiba Lindi. Julai, msiba mwingine Lindi. Halafu Jumanne gazeti likafika gerejini likiwa limefungia vitumbua vya mtu, na yule bwana akauliza mbele ya wenzake, "Lindi siku hizi wanazika chini ya Subaru?"

Watu gerejini walicheka. Nami nilipohadithiwa nilicheka, nakiri, sekunde mbili hivi. Kisha nikaitafuta ile karatasi yangu ya majina ishirini na nane. Hakuna fundi hata mmoja. Kila gari linakuja na mafundi wawili au watatu, yaani ni wengi kuliko sisi tunaokimbia, na mimi sikumuuliza hata mmoja wao. Haikunijia kichwani. Niliwaweka kundi moja na spana.

Nilikwenda kwake Mbagala Jumapili iliyofuata.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba dogo. Leo hujaja na kamera?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkewe akaniletea maji, tukakaa chini ya mwembe. Nikamweleza kwamba klabu imekubali kumlipa siku zake, na kwamba jamaa wa benki amependekeza kuanzia sasa kila fundi afidiwe Jumamosi yake. Niliona ni jibu zuri. Akatikisa kichwa.

"Sio hela ya Jumamosi, dogo. Hiyo hata nyinyi mnanipaga. Ni kwamba Jumatatu nikirudi nikute nafasi yangu haina mtu."

Nikamuuliza, sasa siku gani? Akashangaa kidogo, nadhani kwa sababu swali lilikuwa limechelewa. Akasema Jumapili peke yake. Jumamosi gereji inafunga saa 10 jioni, mtu anaoga, anakwenda Morogoro na treni ya umeme, analala, Jumapili anafanya kazi, usiku amerudi. Na mjulishwe miezi miwili kabla, sio wiki mbili.

Nikaipeleka hiyo kikaoni, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Siku moja maana yake barabara inapungua kwa zaidi ya nusu, na watu wanasema hawawezi kuburuta gari kilomita karibu 200 kwa ajili ya saa chache za vumbi. Wakristo nao wakauliza ibada je? Tukabishana mpaka saa 5 usiku. Mwishowe: Jumapili 28 Septemba, kuanza saa 4 asubuhi ili wa misa ya kwanza wawahi, mapumziko ya kutengeneza magari yaangukie adhuhuri, kumaliza kabla ya jua kuzama. Polisi kidogo watukatalie kwa sababu ya mikutano ya kampeni. Madereva watatu walijitoa, wakisema hiyo sio mbio ni matembezi ya jioni, na siwezi kusema walikosea kabisa. Tulibaki kumi na moja.

Mafundi walikuja wengi, wawili wakitokea gereji ile ile, na hakuna aliyezika mtu.

Yeye hakuja. Siku hizi anatengeneza magari pale pale chini ya mwembe, na wateja wake ni watu wanaofanya kazi wiki nzima, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Alinipigia mwenyewe kunieleza, hata akaniomba radhi, mimi!

Mbio ya pili, kama kilomita sita ndani, giaboksi ikakataa gia ya tatu. Tukalisogeza gari pembeni kwenye mkonge, vijana wawili wakaingia chini, nikampigia fundi nikaweka spika. Akawa anatuelekeza: fungua ile ndogo kwanza, usilazimishe, sikiliza inavyolia. Nyuma yake nilisikia mtu anapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Subirini kidogo," akasema, "kuna mteja hapa."

Tukasubiri.