Mjumbe Anayehariri Barua

Wahenga walinena kwamba mjumbe hauawi. Hoja yao ilikuwa wazi: maneno aliyoyabeba si yake, na aliyemtuma ndiye wa kuulizwa. Methali hiyo husimama imara maadamu mjumbe hafungui barua njiani. Je, akiifungua, akafuta neno na kutia jingine, kisha akaifunga tena pasi na alama yoyote, nani wa kuulizwa? Swali hili halimhusu tarishi wa kale pekee. Linamhusu kila msomaji anayefungua ukurasa wa tovuti.

Tovuti yenye wageni wengi haihudumiwi na tarakilishi moja. Huwapo seva kadhaa zenye nakala sawa, na mbele yake husimama kigawa-mzigo, yaani chombo kinachopokea maombi ya wasomaji na kuyagawa baina ya seva hizo, isiwepo inayoelemewa huku nyingine imelala. Jibu nalo hurudi kupitia mlango uo huo. Kwa kuwa linapita mikononi mwake, kigawa-mzigo huweza kulisoma na kulibadilisha. Uwezo huo umo katika BIG-IP ya kampuni ya F5, na umo pia katika programu ya nginx kwa amri iitwayo sub_filter.

Aghalabu nia huwa njema. Fundi hukabidhiwa mfumo mkongwe ambao aliyeuandika keshaondoka, na viungo vyake vyote vinaanza kwa http ilhali tovuti imehamia https. Vivinjari vya leo huzuia programu zinazoitwa kwa njia isiyo salama, na ukurasa hubaki kiwete. Badala ya kuchokonoa asichokielewa, fundi huweka kanuni moja mlangoni: kila kiungo cha tovuti hiyo chenye http kigeuzwe kuwa https. Asubuhi ukurasa hufunguka, na msomaji hajui kwamba uliwahi kuugua.

Hata hivyo, uhariri wa mlangoni una mitego yake. Jibu linaweza kuja na tamko la urefu wake. Herufi moja ikiongezwa mahali 40 bila tamko hilo kusahihishwa, kivinjari hukomea pale kilipoambiwa, na herufi 40 za mwisho hudondoka. Jibu likiwa limebanwa ili lisafiri upesi, kigawa-mzigo hakioni maneno ndani yake. Hulazimika kulifungua kwanza, au kuiomba seva isilibane. Na sub_filter, isipoamriwa vinginevyo, hubadilisha tokeo la kwanza tu na kuyaacha mengine yalivyo.

Mtego mkubwa zaidi ni wa lugha. Chombo hiki kinaona herufi, hakioni maana. Chukulia kwamba kimeamriwa kuweka “wadi” kila penye “kata”. Sentensi “Wakazi wa kata hii wamekataa” itamfikia msomaji hivi: “Wakazi wa wadi hii wamewadia.” Waliogoma wamegeuka kuwa waliofika! La kutisha ni kwamba sentensi mpya ina sarufi inayokubalika. Haina kovu la kumshtua msomaji. Fundi mwangalifu huwekea neno mipaka yake, lakini mipaka hiyo haimfundishi mtambo kutofautisha kata ya utawala na kata ya kuchotea maji.

Hapana shaka mkono huo huo huweza kutumika kwa hila. Mnamo Machi 2015, msimbo wa Baidu uliokuwa ukiwaendea wasomaji walio nje ya Uchina ulibadilishwa njiani, na vivinjari vyao vikafanywa silaha ya kuishambulia tovuti ya GitHub, wenyewe wasijue. Usimbaji fiche wa https huziba njia ya mpita njia wa namna hiyo. Lakini mara nyingi kigawa-mzigo ndicho kinachoshika ufunguo: usimbaji huishia kwake, naye huufunga ujumbe upya baada ya kuuhariri. Kufuli inayoonekana kwa msomaji huthibitisha kwamba barua haikuguswa baada ya kutoka mlangoni. Kuhusu yaliyotendeka mlangoni penyewe, haisemi neno.

Wanafunzi wa fasihi wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. William Hichens alipochapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, alikuwa mhariri mwenye jina, na miswada ya utenzi huo ikaendelea kuhifadhiwa. Msomi anayeshuku neno ana pa kulinganisha. Msomaji wa ukurasa uliohaririwa mlangoni hana mswada. Asili imo ndani ya seva asiyoifikia, na ukurasa aliousoma jana huenda haukuhifadhiwa popote.

Kwa hiyo, kosa halimo katika kubadilisha. Wanakili, wahariri na wafasiri wamebadilisha tangu jadi, na fasihi imenufaika. Kosa limo katika kubadilisha bila kuacha njia ya kulinganisha. Kila kanuni ya mlangoni inapaswa kuandikwa mahali panaposomeka: nani aliiweka, lini, kwa sababu gani, na itaondolewa lini asili itakapotengenezwa. Bandeji hufunga jeraha. Haifai kugeuzwa ngozi. Mjumbe aliyeamua kuwa mhariri na akubali pia mzigo wa mhariri, yaani kutia jina lake chini ya alichokibadilisha.